Upande wa dawa: jinsi ya kulaza negativu kwenye skana

Dada mmoja wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, aliniletea bahasha ya negativu, yaani mikanda ya filamu za picha, za marehemu mama yake. Nikaziskani, nikamchapia. Alipofika kwenye picha ya mama aliyejitanda kanga akanyamaza, kisha akauliza, "Kaka, mbona jina la kanga linasomeka kinyume?" Nilikuwa nimelaza mkanda upande wa dawa (tabaka la filamu lenye picha) chini, halafu nikasahau kuigeuza picha. Ndiyo maana naandika haya.

Hatua ya 1: Tambua pande mbili. Vaa glavu za pamba, shika mkanda kwa kingo, uinamishe karibu na dirisha. Upande mmoja unang'aa: hiyo ni plastiki. Mwingine umefifia, na ukiutazama kimshazari, hasa kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe, unaona maumbo ya picha yameinuka kidogo sana, kama maandishi ya kalamu yaliyokandamiza karatasi. Hiyo ndiyo dawa, na picha yenyewe imekaa humo. Ukiwa bado na shaka, soma namba za pembeni. Zikisomeka sawasawa, umeelekezewa plastiki. Zikiwa kinyume, unatazama dawa.

Hatua ya 2: Nyoosha. Hapa Mbeya, baridi kavu ya Juni na Julai inasumbua sana mikanda. Gelatini ya dawa hukauka, husinyaa, na mkanda hujikunja kuelekea upande huo. Usiukunjue kwa nguvu. Mimi huuacha ndani ya bahasha yake kati ya vitabu vizito siku mbili tatu. Skana nyingi za mezani hazirekebishi fokasi, kwa hiyo mkanda uliopinda unatoa picha kali sehemu moja na ukungu sehemu nyingine, ulaze upande wowote.

Hatua ya 3: Laza. Skana ya mezani husoma kutoka chini ya kioo. Kwa kawaida plastiki inakaa chini, na picha inatoka sawasawa. Kama mkanda umekaa kwenye fremu yake (kishikio cha filamu cha skana), anza hivyo.

Shida inakuja plastiki ikigusa kioo: zinatokea pete za rangi kama mafuta ya taa juu ya dimbwi, ziitwazo pete za Newton. Mkanda uliopinda ndio mbaya zaidi, kwani ukilazwa hivyo tumbo lake ndilo linaloshukia kioo. Ugeuze, dawa iwe chini. Uso wa dawa si laini kama plastiki, hivyo pete hupungua au huisha kabisa. Tena mwanga ukishapita kwenye picha hauvuki plastiki nyingine kabla ya kufika kwenye lenzi.

Ukali unaoongezeka ni mdogo, nisikudanganye. Filamu yenyewe ina unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Umbali kati ya filamu na kioo una uzito zaidi. Kama fremu yako ina vijiguu vya kubadilisha kimo, vichezee kwanza.

Hatua ya 4: Linganisha. Skani picha ileile mara mbili, plastiki chini kisha dawa chini, kwa nukta 2400 kwa inchi, ukiwa umezima kunoa picha. Negativu ya milimita 24 kwa 36 itakupa takriban pikseli 3400 kwa 2270. Zikuze hadi asilimia 100, angalia nyusi na nyuzi za nguo, uchague kwa macho yako. Kwa nyeusi na nyeupe, zima pia usafishaji wa vumbi kwa infraredi (miale isiyoonekana kwa macho): madini ya fedha yaliyomo kwenye dawa huzuia miale hiyo, na programu hufuta sehemu za picha ikidhani ni uchafu.

Hatua ya 5: Geuza. Uliyoiskani dawa ikiwa chini, igeuze kushoto-kulia, kuizungusha hakusaidii. Tafuta ushahidi ndani ya picha: mfuko wa shati kwenye kifua cha kushoto cha mvaaji, usukani wa gari letu kulia, maandishi yoyote ukutani.

Yule dada aliporudi jioni, niliisoma kwanza kanga ya mama yake, neno kwa neno, ndipo nikamkabidhi bahasha.