Funksheni inarudisha None: tafuta ilipovunjikia

Katika Python, funksheni ikiisha bila kukutana na `return` hailalamiki. Humpa aliyeiita `None`, yaani thamani ya “hakuna kitu”, na programu ikaendelea. Kosa hulipuka baadaye, mahali pengine kabisa. Kwa hiyo ukiona `NoneType` (aina ya `None`) kwenye ujumbe wa kosa, usikimbilie kuubadilisha mstari uliotajwa. Jiulize kigeu kile kilipewa thamani wapi, kisha ufungue funksheni iliyokipa.

```
def jumla(bei, idadi):
    print(bei * idadi)

malipo = jumla(1500, 4)
print(malipo + 500)
```

Hapa 6000 inaonekana kwenye skrini, halafu inafuata `TypeError: unsupported operand type(s) for +: 'NoneType' and 'int'`. Ile 6000 ndiyo inayowapoteza wengi: wanaamini hesabu imerudi, kumbe imeandikwa kwenye skrini tu. Weka `return bei * idadi`, na kazi ya kuonyesha iachie msimbo wa nje.

Ngumu zaidi kugundua ni funksheni inayorudisha jibu siku nyingine na siku nyingine hairudishi:

```
def punguzo(jumla):
    if jumla > 50000:
        return 0.10
    elif jumla > 20000:
        return 0.05
```

Mteja wa 60000 hana shida. Wa 15000 anapata `None`, na hata wa 20000 kamili, kwa sababu alama ni `>`. Ongeza `return 0` mwishoni, nje ya `if`. Unapojaribu, piga namba za mipakani (20000, 20001, 50000), maana huko ndiko matundu hujificha.

Funksheni inayojiita yenyewe ina mtego wake. Hii inatafuta kigawo kikubwa cha shirika:

```
def kks(a, b):
    if b == 0:
        return a
    kks(b, a % b)
```

`kks(12, 0)` inatoa 12, lakini `kks(48, 18)` inatoa `None`. Jibu, yaani 6, lilipatikana kweli ndani kabisa, ila hakuna aliyelipokea na kulipandisha juu. Mstari wa mwisho uwe `return kks(b, a % b)`.

Angalia pia `bei = bei.sort()`. Orodha inapangwa palepale na `sort` inarudisha `None`, hivyo jina `bei` halishiki tena orodha yako. Andika `bei.sort()` peke yake, au `bei = sorted(bei)`. `append`, `reverse` na `random.shuffle` zina tabia hiyohiyo.

Ukiwa huna uhakika tatizo liko wapi, weka `print(repr(malipo))` mara tu baada ya kila mwito wa funksheni, kuanzia wa kwanza. `None` ya kwanza kutokea ndiyo inayokuonyesha mkosaji. Na kama `return` iko ndani ya kitanzi, hesabu nafasi za mwanzo wa mstari wake: ikijongea ndani kupita kiasi, kitanzi hukatika kwenye mzunguko wa kwanza, na orodha ikiwa tupu hurudi `None`.

Kwa miradi mikubwa, tangaza aina ya jibu, mfano `def punguzo(jumla: int) -> float:`, kisha endesha `mypy duka.py` (`mypy` ni programu inayokagua aina bila kuuendesha msimbo wako). Itakuandikia `Missing return statement` kabla mteja yeyote hajafika kaunta.