Somo: Kurudisha WiFi kwenye laptopu ya zamani ya Windows 7 bila kubahatisha draiva

Wakuu, poleni na baridi. Nina steshenari hapa Uyole, Mbeya, na mgonjwa ninayeletewa mara nyingi ni mmoja: laptopu ya mtumba, imepigwa Windows 7 upya, WiFi imetoweka. Juzi kaja mwalimu na ya kwake. Fundi alishamwambia kadi ya WiFi imekufa, anunue ya kuchomeka nje. Kadi ilikuwa nzima kabisa.

Kwanza, hakikisha hujaizima mwenyewe. Nyingine zina swichi ubavuni, nyingine unabonyeza Fn pamoja na kitufe chenye alama ya mnara. Msicheke, nimeshalipwa soda kwa kusukuma swichi tu.

Pili, bofya kulia Computer, ingia Manage, halafu Device Manager. Ukikuta "Network Controller" yenye alama ya mshangao ya njano, hiyo ni habari njema: mashine inaiona kadi, imekosa draiva tu, yaani programu ya kuiendesha.

Tatu, hapa ndipo mafundi wengi wanaruka. Bofya kulia hiyo Network Controller, Properties, kisha Details, na kwenye orodha chagua Hardware Ids. Ya mwalimu ilisomeka PCI\VEN_14E4&DEV_4727. VEN ni mtengenezaji wa kadi, DEV ni kadi yenyewe. 8086 ni Intel, 14E4 Broadcom, 168C Atheros, 10EC Realtek. Kwa hiyo ile ilikuwa Broadcom BCM4313, na fundi alikuwa anaisukumia draiva ya Intel, tena ya biti 64 kwenye Windows ya biti 32! Msitegemee jina la mfuniko. Laptopu mbili za modeli moja zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani.

Nne, intaneti ya kushushia. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering (simu kuigawia mashine intaneti yake), Windows 7 kwa kawaida inaipokea yenyewe. Nenda tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, chukua draiva ya kadi uliyoisoma, biti zilingane na za Windows yako, 32 au 64. Zile programu za "kusasisha draiva zote bure" achaneni nazo. Zinamaliza bando na kuacha takataka.

Ikija ya kujisakinisha, ibofye. Ikija folda tu isiyo na cha kubofya, rudi Device Manager, Update Driver, Browse my computer, uielekeze kwenye folda yenye faili la .inf. Zima, washa.

MASWALI

— Kamwene mkuu, niko Mafinga. Alama ya njano imeondoka ila haioni mtandao wowote, na simu inaiona.

Kamwene. Andika services.msc kwenye Start, tafuta WLAN AutoConfig, huduma inayotafuta mitandao ya WiFi, iweke Automatic kisha bonyeza Start. Wengine huizima wakidhani wanaipa mashine wepesi.

— Kaka, mimi inaona za majirani zote, ya kwangu tu ndiyo haionekani!

Ruta yako huenda inarusha masafa ya 5 GHz peke yake, dada. Kadi nyingi za umri huo, hata ile ya mwalimu, zinasikia 2.4 GHz tu. Washa 2.4 kwenye ruta. Na kama inaonekana ila inagoma kuunga, angalia usije ukawa umeweka ulinzi wa WPA3 kwenye ruta. Windows 7 haiijui, rudisha WPA2.

— WiFi imerudi, asante. Sasa kila tovuti inasema cheti si sahihi.

Tazama saa hapo pembeni. Ikisoma mwaka wa zamani, ndiyo chanzo, irekebishe. Huenda betri ndogo ya ndani inayotunza saa imechoka, mara nyingi ni CR2032. Ila kumbuka Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo mambo ya benki fanyia kwenye simu.

— Niko Tukuyu. Nimefuata yote, Network Controller haipo kabisa, hata yenye njano.

Angalia BIOS, ile mipangilio unayoingia mashine inapoanza kuwaka, kama Wireless haijazimwa. Kama iko sawa, toa betri, fungua mfuniko wa chini, chomoa kadi uirudishe taratibu, na vile viwaya viwili vya antena vikae mahali pake. Ikikataa hapo, sasa ndiyo huenda imekufa kweli.