Namna ya Kuomba Nafasi ya Utafiti wa Majitaka Ukiwa Mtwara au Lindi

Vyuo vikuu vya ndani na nje ya nchi hutangaza nafasi za masomo na utafiti katika usafishaji wa majitaka na urejeshaji wa rasilimali zilizomo ndani yake, yaani virutubisho, nishati na maji yenyewe. Mhitimu wa uhandisi wa maji, uhandisi wa mazingira, kemia au kilimo anaweza kuziomba akiwa Mtwara au Lindi bila kuhamia kwanza Dar es Salaam. Kwa maoni yangu, kinachowaangusha waombaji wengi si alama zao bali ni barua isiyo na jambo lolote ambalo mwombaji wa Nairobi au Hanoi asingeweza kuliandika vilevile.

Anza kwa kutofautisha nafasi, kwa kuwa kila moja huombwa kwa namna yake. Kwa shahada ya uzamili, kwa kawaida unaomba udahili chuoni na kutafuta ufadhili kwa njia nyingine, iwe ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Sokoine, Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, au IHE Delft ya Uholanzi. Uzamivu katika nchi kama Uholanzi, Sweden na Ujerumani mara nyingi ni ajira yenye mkataba na mshahara, na swali la utafiti huwa limekwishapangwa na mradi uliotoa fedha. Hapo hutakiwi kupeleka andiko lako la utafiti isipokuwa tangazo limeliomba, bali unatakiwa kuonyesha kwamba swali lao unaliweza. Marekani, mwanafunzi huomba idara, na profesa mwenye fedha za mradi humlipa kama msaidizi wa utafiti, kwa hiyo kuwasiliana na profesa kabla ya kuomba kuna faida kubwa kuliko kwingineko.

Baada ya hapo tafuta swali linalotoka mahali ulipo. Pwani ya kusini ina mashamba ya chumvi, na chumvi inapokwisha kuganda hubaki maji mazito na machungu yenye magnesi nyingi, ambayo kwa kawaida hurudishwa baharini. Mkojo wa binadamu, kwa upande wake, ni takriban asilimia 1 tu ya ujazo wa majitaka ya nyumbani, lakini hubeba karibu asilimia 80 ya naitrojeni na karibu nusu ya fosforasi. Ukiuhifadhi katika dumu lililofungwa, yurea huvunjika kuwa amonia, pH (kipimo cha uasidi au ubesi) hupanda hadi karibu 9, na ukiongeza magnesi, fosforasi hushuka chini ikiwa fuwele za struviti, ambazo ni mbolea. Jambo hilo linafahamika duniani, na magnesi ya mabaki ya chumvi imekwishajaribiwa kwingineko. Swali linalobaki kwa mtu wa Lindi ni kama mabaki ya mashamba ya hapa yana magnesi ya kutosha, na kama struviti itakayopatikana haitabeba chumvi ya kawaida ya kuharibu udongo. Usiahidi kwamba njia hii itarejesha naitrojeni yote, kwa sababu katika mkojo naitrojeni huizidi fosforasi kwa mbali, na sehemu yake kubwa hubaki katika kimiminika. Msimamizi anayejua kazi yake ataliona kosa hilo katika sentensi ya kwanza.

Asiyevutiwa na mkojo ana mada nyingine: topekinyesi linalonyonywa na magari katika vyoo vya shimo, maji ya kusindika mihogo, ambayo yana sianidi, au mabibo yanayooza mashambani msimu wa korosho, ambayo yana sukari ya kutosha kulishia mtambo wa bayogesi yakichanganywa na malighafi nyingine. Chagua moja tu.

Kisha pima kitu, hata kama ni kidogo. Hapa ndipo umbali unapoanza kuuma, maana mizigo inayokwenda maabara za Dar es Salaam husafiri mamia ya kilomita, na si kila sampuli huvumilia safari hiyo. Kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu uliomo majini, huchukua siku 5 katika nyuzi 20 za selsiasi na kinapaswa kuanza mapema baada ya kuchota, sampuli ikiwa imehifadhiwa kwenye baridi. Sampuli ya COD, yaani oksijeni inayohitajika kuuunguza uchafu huo kwa kemikali, kinyume chake, ikitiwa asidi ya salfuriki hadi pH ishuke chini ya 2 na kuwekwa kwenye baridi, inaweza kusubiri hadi siku 28. Mwombaji anayeandika kwamba alichagua COD kwa sababu hiyo ameonyesha akili ya kitafiti kuliko yule aliyeorodhesha vifaa asivyowahi kuvigusa. pH, joto na upitishaji umeme hupimwa palepale kwa kifaa cha mkononi, na jumla ya yabisi, yaani vitu vigumu vinavyobaki maji yakikaushwa, inahitaji mizani nzuri na tanuri la nyuzi 105, vitu ambavyo maabara ya shule yenye vifaa huweza kuwa navyo. Omba ruhusa kwa maandishi kwa mamlaka ya maji, MTUWASA kwa Mtwara au LUWASA kwa Lindi, kabla ya kuchota chochote katika miundombinu yao. Vaa glavu na viatu vya mpira, wala usile hapo, kwani mayai ya minyoo huishi katika topekinyesi kwa muda mrefu.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Aya ya kwanza itaje nafasi unayoomba na swali lako. Ya pili ieleze ulichopima, kwa njia gani, na kilichokushinda. Ya tatu iunganishe hayo na kazi ya kundi hilo la utafiti, baada ya kusoma kwa makini walau makala mbili zao za karibuni. Kama ni Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, au Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal cha Durban, ambako mkojo na topekinyesi vimefanyiwa utafiti kwa miaka mingi, usiwaeleze umuhimu wa usafi wa mazingira, wanaujua. Ondoa maneno kama "nina shauku kubwa", kwani kila barua inayo. Wadhamini wako, yaani watakaokuandikia barua za kukupendekeza, wawe wahadhiri waliokuona ukifanya kazi, nao wapewe tangazo, barua yako na tarehe ya mwisho mapema, si usiku wa kuamkia tarehe hiyo.

Chuo kinaweza kutoza ada rasmi ya maombi, lakini msimamizi au "wakala" anayetaka utume fedha kwa namba ya simu ili upewe nafasi aachwe mara moja. Ukimwandikia profesa na asijibu, subiri wiki mbili, kisha mkumbushe kwa sentensi mbili chini ya barua ileile, ukiambatisha matokeo yoyote mapya uliyoyapata katikati ya muda huo. Asipojibu tena, peleka barua kwa kundi jingine, ukiwa umeiandika upya aya ya tatu.