Kwanini samaki wa bwawani wanakimbilia maji yanapoingia, na jinsi ya kuitumia hiyo tabia

Fungulia maji yaingie bwawani alafu simama pembeni kimya kama dakika tano. Utawaona perege wanatokea kila kona, wanajipanga mbele ya bomba, vichwa vyote vimeelekea maji yanakotoka, mikia inatikisika kidogo kidogo, hawaendi mbele hawarudi nyuma. Kila mgeni anayekuja kwangu lazima aulize, hawa wanacheza au? Mi nafuga huku chini ya milima ya Uluguru, bwawa la kuchimba, maji ya mfereji, na kwa kuwaangalia nadhani raha wanaisikia kweli, ila chini ya hiyo raha kuna pumzi na tumbo.

Pumzi ndo ya kwanza. Samaki anavuta maji kwa mdomo anayapitisha kwenye matamvua, sasa akielekea mkondo ni kama kazi nusu kafanyiwa, na maji yanayodondoka toka juu yanakua yamebeba hewa kuliko yaliyolala. Pili chakula, maji yanayoingia yanakuja na wadudu na takataka za kuliwa, ukikaa umeelekea yanakotoka kila kitu kinakuja mdomoni chenyewe. Alafu kuna asili, mtoni ukizubaa unasombwa, kwahiyo kupambana na mkondo wamezaliwa nako. Kambale mvua zikianza anapanda vijito kwenda kutaga kwenye majani yaliyofurika, na ningu wa Ziwa Victoria anapanda mito hivyohivyo. Perege kwenye kuzaa hana habari na mkondo kabisa, dume anachimba kiota sehemu tulivu na jike anabeba mayai mdomoni, yeye bombani anafata hewa na msosi tu.

Siku ukishika perege lowanisha mikono kwanza, alafu mwangalie ubavuni. Kuna mstari wa vinukta unaanzia nyuma ya kichwa unaishia njiani, alafu mwingine unaanzia chini yake kidogo unaenda mpaka mkiani, yaani kama fundi alikosea akaanza upya. Kambale wake ni mmoja umenyooka. Ule mstari ndo unahisi maji yanavyosogea, ndo maana hata usiku, hata maji yawe tope, ukifungulia tu wanajua upande.

Sasa kwenye kutengeneza. Bomba la kuingizia liweke juu ya maji kama sentimita 30 hivi au zaidi, chini yake weka jiwe bapa au bati lililotobolewa matundu ili maji yapasuke yanapodondoka, hapo ndo yanapobeba hewa. Lielekeze kwa urefu wa bwawa, usilielekeze kwenye ukingo litakuchimbia udongo mpaka ukome. Kasi napima kwa jani kavu, nalitupa pale samaki wanapojipanga, kama perege wangu wana sentimita 15 basi jani litembee mita moja kwa sekunde saba hivi, yaani urefu wa samaki kwa sekunde moja, zaidi ya hapo chakula chote kinaishia kwenye kuogelea. Na sehemu kubwa ya bwawa iache itulie.

Hapa ndo wengi tunaharibu, mi mwenyewe msimu wa kwanza niliona samaki wanafurahi nikaacha maji yanatembea usiku na mchana, wiki mbili tu maji meupe kama ya kunywa, ule ukijani wote wa mbolea ya kuku, yaani vimimea vidogovidogo vinavyoota majini, umeenda na maji, na ule ukijani ndo chakula cha bure! Kwahiyo kama bwawa lako ni la mbolea usifungulie kutwa. Zamisha mkono mpaka karibu na kiwiko, kiganja kikianza kupotea hapo ukijani uko sawa, kama unaona kucha zote funga maji. Mi nafungulia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili, kwasababu usiku kucha ule ukijani nao unavuta oksijeni, kwahiyo kabla jua halijatoka ndo hewa inakua chini kabisa. Ukiwa na pampu ndogo ya sola yenye betri, vuta maji upande wenye kina uyadondoshe upande wa pili, hupotezi ukijani, ila mdomo wa pampu ufunge wavu la sivyo vifaranga vinasagwa.

Jifunze kutofautisha anayefurahia na anayekufa. Wa kufurahia yuko chini ya maji, anakuja anaondoka, ukitupa chakula anakimbilia, kivuli chako kikipita anazama. Aliyekosa hewa mdomo uko juu ya maji, wako hivyo bwawa zima, na hata ukikaribia hawajali. Ukikuta hivyo fungulia maji yote na siku hiyo usilishe.

Maji ya bomba ya mjini yana dawa, yaani klorini, na samaki atayakimbilia hayohayo yamuunguze matamvua. Yalaze kwenye tangi wazi siku moja au mbili kwanza.

Na wavu kwenye njia ya kuingizia, jamani. Tunaweka wa kutokea tu tunasahau kwamba samaki anapanda. Masika moja mfereji wangu ulikua unaingia bwawani wazi bila bomba, ikapiga mvua usiku mzima, asubuhi jirani ananiita shambani kwake niende kuokota kambale kwenye mahindi. Kambale anavuta hewa ya juu na anatambaa kwa ile miiba ya kifuani, ukimpa njia ya maji tu kaondoka.

Siku ya kuvuna tabia hiyohiyo inakuokolea matope. Jana yake usilishe, punguza maji mpaka yafike chini ya goti, alafu fungulia maji mapya kidogo tu, watakuja wenyewe kujazana pale bombani unawachota na wavu wa mkono, wadogo unawarudisha.

Na siku ukifungulia wasije hata mmoja usikimbilie dawa. Gusa maji kwanza, ya chemchemi wakati wa kipupwe yanakua baridi sana na perege hayapendi. Kama sio baridi chungulia kwenye nyasi za pale bombani, mi mara ya mwisho nilimkuta kenge amelala kimya anawasubiri.