Kutafuta ukoo wa watoto wako katika kijiji cha Uingereza

Jina la ukoo la watoto wangu limechongwa kwenye mawe matatu nyuma ya kanisa la kijiji tunachoishi, Northamptonshire. Miaka minne nilipita hapo kila jioni nikitoka kuwachukua shule. Siku nilipouliza, nyumbani hakuna aliyejua marehemu hao ni nani. Mama yangu aliyeko Muheza, mkoani Tanga, hunitajia wa upande wetu hadi babu wa babu yake bila kufungua kitabu; mume wangu aliishia kwa bibi yake. Waingereza wengi wa vijijini wako hivyo. Kumbukumbu zao waliziachia karatasi, na karatasi zipo, tena nyingi kuliko unavyodhani. Kama watoto wako wana damu ya huku, au umehamia tu kijijini na unataka kujua umefika kwa nani, nakueleza njia niliyopita.

Anza na walio hai, hata kama wanasema hawajui kitu. Mama mkwe wangu nilipomuuliza moja kwa moja alisema hakumbuki. Nilipomwekea picha za zamani mezani pamoja na chai, alizungumza mpaka giza likaingia. Mambo matatu usiyakose: majina kamili, kijiji, na kama watu hao walisali kanisa la Anglikana au kwa Wamethodisti na Wabaptisti, maana hao wengine walikuwa na vitabu vyao na kwenye vya parokia unaweza usiwaone.

Kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, usiruke. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina William watano wa jina moja la ukoo. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Faharasa ya vizazi kwenye tovuti ya General Register Office, ofisi ya serikali ya usajili huo, ni bure ukijisajili, na inakupa jina la mama la kabla hajaolewa, ambalo ndilo hutenganisha William huyu na yule. Cheti chenyewe unakilipia, kwa hiyo hakikisha kwanza.

Sensa za kuanzia 1841 hadi 1921 zinaonyesha watu wote wa nyumba. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, basi tumia orodha ya Septemba 1939 iliyoandikwa ili watu wapewe vitambulisho. Angalia umri katika sensa ya 1841: wa watu wazima kwa kawaida ulishushwa kwenye tano iliyo chini, hivyo mwenye miaka 34 kaandikwa 30. Wengi hukwama hapo wakidhani wamempata mtu mwingine. Kuanzia 1851 kuna safu ya parokia ya kuzaliwa, nayo ndiyo itakayokuambia uende wapi. Utakutana sana na kifupisho "Ag Lab", yaani kibarua wa shamba. Huku kwetu wapo pia mafundi viatu na wanawake waliofuma lesi majumbani. Kabla hujatoa kadi yako ya benki, nenda maktaba ya umma. Nyingi zina Ancestry au Findmypast, tovuti za ukoo za kulipia, bure kwenye kompyuta zao. Tovuti za FamilySearch na FreeREG hazina malipo.

Kabla ya 1837 unaingia kwenye vitabu vya parokia. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila kasisi aandike ubatizo, ndoa na maziko. Vitabu vya mwanzo vingi vimepotea, na miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe katikati ya karne ya 17 imejaa mapengo. Ukikosa kitabu, ulizia nakala za askofu, kwani kuanzia 1598 parokia zilitakiwa kupeleka nakala dayosisi kila mwaka. Ubatizo si kuzaliwa: nimeona ndugu wanne wakibatizwa siku moja. Na kabla ya 1752 mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1715 ya kitabuni kwa hesabu yetu ni 1716.

Watu wengi huishia hapo, wakiwa na majina na tarehe tu. Mimi nakusihi uendelee hadi kwenye karatasi za maskini, ambazo zamani zilifungiwa katika sanduku la mbao kanisani na sasa nyingi ziko ofisi ya nyaraka ya kaunti. Weka miadi, chukua kitambulisho chenye anwani, na uende na penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi. Katalogi iko kwa Kiingereza. Tafuta maneno settlement (haki ya ukaazi), removal (kuondolewa) na overseers (wasimamizi wa maskini).

Nililetewa karatasi iliyokunjwa mara nne, ya mwaka 1787. Wino umegeuka kahawia. Babu wa kale wa watoto wangu, kibarua, amesimamishwa mbele ya mahakimu wawili: umezaliwa wapi, baba yako alikuwa mkaazi halali wa parokia gani, umewahi kuajiriwa mwaka mzima na nani, kwa mshahara gani. Chini, badala ya saini, kuna msalaba mdogo, mstari mmoja umetetemeka. Mimi nimejaza fomu za ukaazi katika nchi hii mara tatu, na maswali yale nilikuwa nayajua kabla sijamaliza kuyasoma. Nililia pale mezani.

Sheria ya 1662 iliruhusu mgeni aliyepanga nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka arudishwe kwao, ilimradi alalamikiwe ndani ya siku 40, ikihofiwa atakuwa mzigo kwa parokia, ambayo ndiyo iliyotunza maskini wake. Baadaye aliyetumikia mwajiri mmoja mwaka mzima alipata haki ya ukaazi, na ndiyo maana wenye mashamba wengine waliajiri kwa wiki 51. Wajawazito wasio na ndoa walisukumwa nje ya mpaka, kwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa parokia alikozaliwa. Hadi 1795 mtu aliweza kuondolewa hata kabla hajaomba msaada. Babu yetu aliondolewa, yeye, mke na watoto wawili, wakapelekwa maili kumi na moja tu. Kwa hiyo tafuta parokia zote mbili, iliyofukuza na iliyopokea.

Makaburini nenda jioni jua likiwa limelala, au mulika tochi ya simu kutoka ubavuni. Herufi zilizofutika zitajitokeza. Usisugue jiwe kwa brashi ya waya. Soma pia mnara wa waliokufa vitani 1914–1918, kisha tafuta majina kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya wanajeshi. Kikosi cha pili cha rejimenti ya Kiingereza ya Loyal North Lancashire kilipigana Tanga Novemba 1914, na wapo vijana wa vijiji vya huku waliozikwa kwetu Tanga.

Na sisi tumo humu. Huko Oxhill, Warwickshire, lipo jiwe la Myrtilla, mtumwa mweusi aliyeletwa kutoka Nevis, kisiwa cha Karibi, akazikwa hapo Januari 1706, ingawa jiwe kwa hesabu ya zamani linasema 1705. Bishop's Castle, Shropshire, lipo la "I.D., mzaliwa wa Afrika", wa 1801. Na Twywell, si mbali na ninapoishi, Chuma na Susi walikuja 1874 kumsaidia kasisi Horace Waller kutayarisha shajara za mwisho za mpelelezi David Livingstone, ambaye mwili wake wao na wenzao waliubeba hadi pwani.

Kila hati uliyoiona, andika namba yake ya kumbukumbu hapohapo. Mimi nina daftari moja nene. Kurasa za kulia ni za kijiji hiki, za kushoto ni majina aliyonitajia mama kwa simu, na tarehe aliyoyataja. Yule mwenye msalaba ameangaliana na babu yake mama, aliyekata mkonge enzi za Wajerumani. Penye kazi, wote wawili nimeandika kibarua wa shamba.