Mtoto Kubaki Nyumbani Peke Yake: Namna ya Kujua Kama Yuko Tayari

Wazazi wengi huanzia kwenye umri. Umri unasaidia kumwondoa asiyefaa, lakini hautoshi kumpitisha anayefaa. Mtoto aliye chini ya miaka 8 bado, hata awe mwerevu vipi. Akifika 8 hadi 10, wachache humudu robo saa ya mchana. Wengi huanza kuiva kwenye 11 au 12, na kulala peke yake nyumbani kusubiri angalau hadi 16. Kisheria, Uingereza haitaji umri wowote ila humshtaki mzazi aliyemweka mtoto hatarini. Jimbo la Maryland kule Marekani limeweka mpaka wa miaka 8. Ulizia sheria ya unakoishi kabla ya jambo lolote.

Kinachoamua ni vile mtoto anavyofanya mambo yakienda kombo. Utulivu wake ukiwa sebuleni naye haukuambii chochote kuhusu dakika ile umeme unapokatika na simu imeisha chaji.

Mchunguze kimyakimya kwa wiki mbili au tatu. Akivunja glasi, anakuja kusema au anaficha vipande? Anayeficha glasi atakuficha na moto mdogo, na hilo peke yake latosha kuahirisha mpango. Ukimwambia aache televisheni baada ya nusu saa kisha ukatoka chumbani, anaacha? Msikilize pia mwenyewe anasemaje. Mtoto ambaye tumbo humuuma kila mnapogusia suala hili amekwisha kujibu. Yule anayekubali haraka mno ili aonekane mkubwa naye mwangalie vizuri.

Sasa majaribio. Kanuni ni moja: usimwulize "unajua?", kwa sababu atasema ndiyo. Mwambie "nionyeshe".

Mlango ndio wa kwanza, na ndio unaopuuzwa zaidi. Zima taa, kisha afungue kitasa na komeo kutoka ndani kwa mikono yake mwenyewe, mara 5 mfululizo. Hapo utagundua usiyoyajua: komeo la juu halifikii, au ufunguo hauzunguki mpaka mlango uvutwe kidogo, jambo ambalo mkono wako hulifanya bila wewe kujua. Kitasa kigumu kitie mafuta, komeo lishushwe. Ufunguo uwe na msumari wake mmoja karibu na mlango, mbali na dirisha ili mtu wa nje asiufikie. Kamwe usimfungie mtoto kwa kufuli kwa nje. Moshi hujaza chumba kwa dakika chache, na madirisha yakiwa na nondo hana pa kutokea. Ukiona huwezi kuondoka bila kumfungia, basi hajawa tayari, au nyumba haijawa tayari.

Pili, simu. Awe na namba mbili kichwani: yako na ya mtu mzima aliye karibu, anayejua kwamba siku hiyo mtoto yuko peke yake. Ziandikwe pia ukutani. Umweleze namba ya dharura ya nchi yenu, na jinsi ya kuipiga simu ikiwa imefungwa skrini, maana simu nyingi huruhusu. Usiipige kwa majaribio. Jifanye wewe ndiye unayepokea. Mtoto atasema "niko nyumbani" na kukwama. Mfundishe kuelekeza kwa vitu vinavyoonekana: barabara gani, baada ya jengo gani, geti rangi gani.

Tatu, hodi. Haitoshi kumwambia asiwafungulie wageni, kwani mtoto hamhesabu jirani au binamu kuwa mgeni. Toa majina ya wanaoruhusiwa, basi. Mwingine yeyote asubiri mpaka upigiwe simu. Asiseme "mama hayupo". Aseme "hawezi kuja mlangoni sasa hivi", mlango ukiwa umefungwa. Kisha mwombe mtu anayemfahamu, asiye kwenye orodha, aje kubisha. Wengi hushindwa hapa mara ya kwanza. Rudieni baada ya siku chache.

Nne, moto, gesi na majeraha:

- Moshi: atoke kwanza, apige simu akiwa nje. Moshi ukiwa mzito atambae chini, kwani hewa nafuu iko chini. Asirudi kuchukua kitu.
- Harufu ya gesi: asiguse swichi yoyote, iwe kuwasha au kuzima, kwa sababu cheche moja yatosha. Atoke, aache mlango wazi.
- Kuungua: maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno wala mafuta ya kupikia.
- Amekunywa kitu kibaya: asijitapishe. Apige simu huku ameshika chupa yenyewe.

Kabla ya kuondoka, funga gesi kwenye mtungi, maana swichi ya jiko peke yake haitoshi. Dawa zote ziingie kwenye kabati lenye kufuli, na mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya soda. Chakula kiwe tayari, kisichohitaji moto.

Anza na dakika 15 za mchana, ukiwa umbali wa dakika 5 kwa miguu. Rudia mara 3 ndipo uende nusu saa, kisha saa moja, na kila hatua ipite salama mara 2 au 3 kabla ya kuongeza. Rudi saa uliyosema. Ukichelewa, piga simu kabla muda haujapita. Ukifika usiulize "ulikaa vizuri?" Uliza kilichomsumbua zaidi. Kosa kubwa la hapa ni kuruka hatua kwa sababu siku ya kwanza ilikwenda shwari. Siku ya kwanza mtoto yuko makini kama mlinzi. Uchovu wa kukaa bure huingia wiki ya pili, na ndipo kiberiti kinapoanza kuchezewa.

Kumwachia mdogo wake ni mtihani mwingine kabisa. Mwenye miaka 12 anayemudu saa 2 peke yake hajathibitisha kwamba anaweza kumzuia wa miaka 4 asipande meza, na wakigombana hakuna wa kuamua. Mpime upya, wewe ukiwa chumba cha pili bila kuingilia.

Mkihama, mkibadilisha kitasa, au mtoto akipatwa na msiba au woga mpya, rudini kwenye dakika 15.