Kijana anayezimia mara kwa mara: uandike nini, uanzie wapi

Kuzimia kwa kawaida huisha ndani ya dakika moja au mbili, na daktari hayuko. Kwa hiyo ushahidi mkubwa ni wa yule aliyeona.

Akianguka, mlaze chali na umwinulie miguu kiasi cha sentimita 30. Legeza mkanda na kola, watu wasimzonge. Akitapika, mgeuze ubavu. Usimwagie maji wala kumtia kijiko mdomoni, na asinywe kitu mpaka aamke sawasawa. Asipopumua, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari.

Siku hiyohiyo chukua daftari la shule uandike: alikuwa amesimama, amelala au anakimbia? Alikula lini? Kabla ya kuanguka macho yaliingia kiza, masikio yakavuma, jasho likamtoka, au aliporomoka ghafla? Alirusha viungo kwa muda gani? Alipoamka alijua yuko wapi? Ongeza hedhi, dawa zote za karibuni, hata za mitishamba, na ndugu aliyewahi kufa ghafla akiwa kijana. Akianguka tena, mtu mmoja arekodi kwa simu.

Wengi huzimia mstarini asubuhi: jua, tumbo tupu, kusimama muda mrefu. Damu hubaki miguuni, ubongo ukapungukiwa. Anaweza hata kutetemeka sekunde chache. Hicho si kifafa, ingawa wapo wanaomezeshwa vidonge vya kifafa kwa kosa hilo. Kifafa huwa kirefu zaidi, ulimi huumwa pembeni, na akiamka hubaki amechanganyikiwa kwa dakika nyingi. Kujikojolea hakuamui lolote, kwani hutokea kote kuwili.

La kuogopesha ni kuzimia katikati ya mbio au mpira, au akiwa amelala, au baada ya moyo kwenda mbio na kifua kuuma. Hapo usingoje kesho. Mpeleke hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, kama zile za rufaa za Mbarara, Gulu au Mbale. Zikiona tatizo huweza kumtuma kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago. Vali za moyo zilizoharibiwa na maambukizi ya koo yasiyotibiwa bado zinawasumbua vijana wetu.

Asiye na dalili hizo aanzie kituo cha afya daraja la tatu, ambako kuna maabara. Cha daraja la pili mara nyingi hakina. Omba apimwe wingi wa damu, malaria na sukari, tena presha akiwa amelala, kisha dakika moja na tatu baada ya kusimama: namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, mwambie mhudumu ailinganishe na maelezo yako. Msichana apimwe na mimba, na aulizwe faraghani, mama akiwa nje. Wingi wa damu chini ya gramu 12 kwa desilita kwa msichana, au 13 kwa mvulana wa miaka 15 na kuendelea, ni pungufu. Lakini usikubali vidonge vya madini ya chuma tu bila kuuliza chanzo, maana huenda ni minyoo ya safura, hedhi nzito au selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu.

Wakati mnasubiri majibu, asipande miti, asiogelee, asiendeshe boda, asipike peke yake kwenye moto wa wazi. Anywe uji kabla ya shule na maji mara kwa mara. Akihisi kiza, aketi papo hapo, au apishanishe miguu na kukaza mapaja na ngumi. Mwombe mwalimu amruhusu kuketi mstarini.

Vipimo vikitoka safi naye bado anaanguka mara nyingi kwa siku, macho ameyafumba kabisa, kwa dakika kumi au zaidi, hajifanyi, wala si lazima yawe majini. Mara nyingi ni dhiki inayotokea mwilini. Muulizeni mhudumu juu ya kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa, na daftari lile mlibebe.